Vimeng'enya Hujenga Pia: Funzo la Punje ya Mpunga

Katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi huanza kuvijua vimeng'enya kwa jaribio la mate na wanga. Wanga huchanganywa na mate, kisha tone la iodini hutiwa, na ile rangi ya buluu iliyokoza haitokei tena. Jaribio hilo ni zuri. Lakini likiachwa peke yake, humfanya mwanafunzi aamini kwamba kazi ya vimeng'enya ni kuvunja tu. Huo ni nusu ya ukweli.

Mpunga ukisha kuchanua, sukari iliyotengenezwa na majani, pamoja na ile ya akiba iliyomo katika shina, husafiri hadi kwenye punje changa. Humo vimeng'enya hugawana kazi: vingine huivunja sukari hiyo, vingine huiandaa glukosi kwa ujenzi, vingine huiunga kuwa minyororo mirefu, na vingine huitia minyororo hiyo matawi. Katika nchi za joto, kwa muda wa siku 30 hivi, majimaji meupe kama maziwa hugeuka kuwa wanga mgumu.

Ujenzi huo huharibika kwa urahisi. Maji yakikauka shambani mapema mno, punje hubaki nyepesi. Joto likizidi, huwa na weupe wa chaki na kuvunjika mashineni wakati wa kukoboa, kama ilivyotokea Japani katika kiangazi cha mwaka 2010. Watafiti wameona kwamba katika joto la namna hiyo baadhi ya vimeng'enya vya ujenzi hupungua, huku amilesi, iliyo jamii moja na kile kimeng'enya cha mate, ikiongezeka. Kumbe mjenzi na mvunjaji hukaa nyumba moja.

Kwa hiyo yafaa somo la vimeng'enya lisiishie katika mate. Penye shamba la mpunga karibu, wanafunzi wayatie alama masuke yanayochanua, wachume punje 100 kila baada ya siku 5, wazikaushe na kuzipima, kisha wachore grafu. Mwanafunzi wa Kilombero au Mwea aliyeichora kwa mkono wake atafahamu kwamba wingi wa masuke si mavuno bado, na ataweza kueleza nyumbani kwa nini maji ya majuma ya mwisho hayafai kukatwa kabla ya wakati.