Kiriri Ikitazamwa kutoka Asiatique

Tajiri mmoja wa vitambaa hapa Asiatique, Mwislamu mswalihina aliyewapeleka wanawe wawili kusoma kwa mapadri, aliniuliza juzi, huku akipima kitenge kwa mita yake ya mbao, ni elimu gani hasa inayopatikana huko, maana dini yao watoto wanaisoma madrasa, na hesabu, alisema bila ya haya, wangejifunza upesi zaidi wakikaa naye dukani.

Ukisimama barazani pake na kuinua macho upande wa mashariki, waiona Kiriri, kilima ambacho juu yake Wajesuiti walijenga, katika miaka ya 1950, Collège du Saint-Esprit, yaani Chuo cha Roho Mtakatifu, ambacho majengo yake leo yamo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Burundi. Mji wetu wa Bujumbura ulikuwa ungali ukiitwa Usumbura, na makazi yamepangwa kwa rangi, kama jina la mtaa wetu linavyoshuhudia hata sasa. Basi kuwakalisha darasa moja mtoto wa Kibelgiji, wa Kihindi na wa Kirundi kulikuwa ni hoja nzito kabla mwalimu hajafumbua kinywa.

Hata hivyo nisije nikadhaniwa mpiga zumari wa mapadri. Tangu misheni ya Muyaga mwaka 1898, aghalabu mwanafunzi alitakiwa ahifadhi majibu ya katekisimu na basi. Na ile skuli mashuhuri ya Astrida, ng'ambo ya mpaka Rwanda, iliyoasisiwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929 na ambayo hata Mwanamfalme Louis Rwagasore aliipitia, ilikusudiwa itoe makarani na wasaidizi wa utawala wa Kibelgiji, ikawapendelea wana wa Kitutsi, hata elimu ikageuka mizani ya nasaba. Kuhifadhi si aibu, kwani mtoto wa madrasa naye huhifadhi juzuu kabla hajajua maana. Aibu ni kuishia hapo.

Na Kanisa lenyewe lina urithi mwingine. Thoma wa Akwino, mwanazuoni wa karne ya 13, alikuwa kila alipoandika juu ya mas'ala huanza kwa kuzipanga hoja za wapinzani wake, tena kwa insafu, ndipo atoe jawabu lake. Na miongoni mwa wale aliowategemea na kubishana nao walikuwamo Ibn Sina na Ibn Rushd. (Tajiri wangu aliposikia hayo alicheka, akasema kumbe ada ya skuli anawalipa jamaa zake.) Taamuli ya namna hiyo yataka wakati, na wakati ndio kitu ambacho skuli zetu, za Kanisa zikiwamo, zinakiuza rahisi mno, maadamu zinajipima kwa idadi ya waliofaulu mtihani wa taifa.

Watawala, kwa upande wao, wameielewa thamani ya taamuli hiyo kuliko walimu wengi. Rais Bagaza, katika utawala wake wa 1976 hadi 1987, alitaifisha seminari ndogo na kupiga marufuku Yaga Mukama, vile vikao vya vijijini ambamo watu walisomeshwa dini pamoja na kusoma na kuandika. Nami sidhani kwamba kilichomtia hofu ni alfabeti.

Nilimjibu tajiri kwa kumsimulia habari za Buta. Vita vilipozuka mwaka 1993, walezi wa seminari ile ya kusini waliwazoeza vijana kuzungumza waziwazi, Wahutu na Watutsi pamoja, juu ya historia chungu ya nchi yao, kazi ya polepole isiyoongeza alama hata moja katika mtihani. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini, wakawaamuru wajitenge kwa kabila. Wakakataa, na 40 wakauawa. Sisemi kuwa mijadala ndiyo iliyowapa ushujaa, kwani moyo wa mtu Mungu ndiye aujuaye. Nasema tu kwamba swali walilotupiwa alfajiri ile, kwa mtutu wa bunduki, wao walikuwa wamekwisha kulizungumza mchana.

Tajiri alinyamaza, mita ingali mkononi. Kisha akaniuliza somo lile laitwaje, na katika ratiba ya wanawe limewekwa siku gani.