Uwanja wa gofu usimwadhibu mchezaji wa kawaida peke yake

Mjini Lubumbashi, wengi wanaijua Golf kama jina la mtaa. Wachache ndio wamewahi kushika fimbo ya mchezo wenyewe. Anayejaribu akashindwa huambiwa kosa ni la mikono yake. Lakini mara nyingine kosa ni la aliyechora uwanja.

Katika gofu, kila mchezaji hupewa handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa ili ashindane na walio hodari. Tangu mwaka 2020, mfumo wa dunia unaruhusu handikapu hadi 54. Mwenye handikapu kubwa hapigi mbali, na mpira wake hauendi pale anapotaka.

Tuchukue mtego wa mchanga uliochimbwa mita 160 kutoka mahali pa kuanzia. Hodari anayepiga mita 250 anaupita bila hata kuutazama. Anayeanguka humo ni yule dhaifu, ambaye tayari ana shida za kutosha. Na kama ni maji yanayokata njia yote, hana pa kuzungukia: anaongezewa pigo la adhabu, anapoteza mpira alionunua, na walio nyuma yake wanasubiri.

Tofauti hiyo inapimwa. Kipimo cha slopu kinaonyesha uwanja unamlemea mchezaji wa kawaida kwa kiasi gani kuliko hodari. Kiwango cha kati ni 113, cha juu kabisa ni 155.

Wapo wanaosema kwamba bila ugumu mchezo hauna ladha. Ni kweli, lakini ugumu unaweza kuwekwa mahali pa haki. Augusta National ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1933, ilichorwa na Alister MacKenzie na bingwa Bobby Jones ikiwa na njia pana na mitego ya mchanga 22 tu. Mtihani uliwekwa mwishoni, kwenye miteremko karibu na shimo. Anayetafuta ushindi lazima achague upande sahihi wa njia. Anayetaka kucheza tu, anafika.

Katika bustani ya serikali ya Bethpage, jimboni New York, bango linaonya kwamba uwanja wa Black ni mgumu mno na unawafaa wenye ujuzi wa juu. Onyo hilo ni la haki, kwa sababu hapohapo pana viwanja vingine vinne. Mji wenye uwanja mmoja hauna pa kumpeleka anayerudishwa na bango.

Kwa hiyo, anayejenga au kukarabati uwanja aweke mahali pa kuanzia palipo karibu zaidi, aache njia ya kuzunguka maji, na asogeze mitego hadi pale mpira wa hodari unapoangukia. Hodari atapata mtihani wake, na mchezaji wa kawaida atarudi Jumapili ijayo. Ada yake nayo ndiyo inayolipa wanaokata majani.