Njaa na hofu haziponi kwa sindano ya nguvu za kiume

BENI – Wandugu wasikilizaji na wasomaji, wahami na ninyi familia mliowapokea, leo nataka tuongelee jambo ambalo wanaume wanalinong'ona tu, tena gizani.

Siku ya soko, kabla jua halijawa kali, megafoni ya muuza dawa imeshaanza kulia. "Papa, mgongo umelala? Bibi amekugeukia ukutani? Kuja hapa, sindano moja tu, leo leo utakuwa kijana!" Watu wanacheka, mama wa mboga wanainamisha kichwa. Lakini ngoja jua lianze kushuka. Utawaona wanaume wanarudi mmoja mmoja, kofia imeshushwa usoni, franga zimekunjwa mkononi. Wengi wao ni wahami.

Ninaandika kwa hasira, na sitaificha. Biashara hii inawaibia watu ambao vita vilishawaibia kila kitu. Tena haiwaibii pesa tu, inawaibia uzazi. Neno langu ni hili: sindano ya homoni ni dawa ya ugonjwa uliopimwa. Njaa haiponi kwa sindano hiyo, hofu haiponi, aibu haiponi. Anayemdunga mwanaume bila kumpima damu hamsaidii, anamharibu.

Niwaeleze habari ya jirani yangu mmoja, ambaye ameniruhusu niisimulie bila jina. Alikimbia kijiji upande wa Oicha, akaacha shamba la kakao ambalo lilikuwa tayari kuvunwa. Njiani walipoteza mtoto wao wa mwisho. Hapa mjini walipewa chumba kimoja, yeye, bibi yake na watoto wanne. Wanakula mara moja kwa siku, na usiku mlio wowote unamwamsha. Baada ya miezi mwili wake ukanyamaza kabisa. Bibi yake hakumlaumu, alitamani tu wapate mtoto mwingine. Ni marafiki waliomwambia amelogwa, halafu wengine wakampeleka kwa mtu wa sindano.

Alidungwa testosteroni kila wiki, karibu mwaka mzima. Hakuna aliyemtoa damu, hakuna aliyemuuliza kama anataka kuzaa. Mwanzoni alijisikia vizuri, hamu ikarudi, akamshukuru Mungu. Lakini mimba haikuingia. Siku alipofika mwishoni kwa muganga wa kweli na mbegu zake zikapimwa, haikuonekana hata moja. Ile dawa aliyoinunua ili apate mtoto ndiyo iliyomzuia.

Mtu atasema: hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hapana. Ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi. Testosteroni ni homoni inayotengenezwa ndani ya korodani, na ubongo ndio unaotuma amri itengenezwe. Ukiiingiza nyingi kwa sindano, ubongo unaona damu imejaa, unaacha kutuma amri. Korodani zinalala, zinaweza hata kupungua ukubwa, na mbegu zinashuka, mara nyingine zinaisha kabisa. Jambo hili linajulikana siku nyingi. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 7: wanaume wenye afya walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki kwa makusudi, ili ionekane kama inaweza kuwa njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Na kwa wengi wao mbegu ziliisha. Ndiyo hiyo, wandugu. Kile ambacho waganga walikijaribu ili kuzuia mimba, huku kwetu kinauzwa kwa megafoni kwa baba anayelilia mtoto!

Sasa tuulize: mwili wa jirani yangu ulinyamaza kwa sababu gani? Jibu liko kwenye sahani yake. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi 6 vijana 36 wenye afya waliojitolea. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Na pamoja na uzito, hamu ya mwanamke ikawatoka.  Hao walikuwa vijana wenye nguvu, hawakuwa na risasi juu ya kichwa, hawakuzika mtoto njiani. Waliporudishiwa chakula hawakupona siku ile ile, ilichukua miezi. Lakini walipona, na dawa yao ilikuwa chakula.

Mwili una akili yake. Ukikosa chakula, ukikosa usingizi, ukiishi na hofu kila siku, ubongo unasema: huu si wakati wa kuzaa, tulinde kwanza uhai. Kwa hiyo papa mhami ambaye mwili wake umenyamaza si mwanaume nusu. Mwili wake unamtunza katika siku mbaya. Wa kuona aibu ni yule anayemcheka, na zaidi yule anayechukua pesa ya unga ya watoto wake na kumpa chupa.

Kuhusu hizo chupa nazo, tusidanganyane. Zimeandikwa kwamba ni mizizi na majani tupu. Lakini katika nchi nyingi, dawa za namna hiyo zilipopimwa, mara kwa mara imekutwa ndani yake sildenafil, dawa ya hospitali, imefichwa bila kuandikwa na bila kipimo. Mtu wa ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akiinywa, presha inaweza kuporomoka na kumuua.

Na udanganyifu huu ni wa zamani. Mwaka 1889, mjini Paris, mtaalamu mmoja mwenye sifa kubwa, Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo, akatangaza kwamba amerudi ujana. Watu wakakimbilia sindano hiyo. Leo inajulikana kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Kilichomwinua mzee yule ni imani yake. Kama mtaalamu wa namna ile alijidanganya mwenyewe, muuza dawa wa sokoni atatudanganya mara ngapi?

Hata hivyo, sitaki mtu aelewe kwamba testosteroni ni uongo. Upungufu wake ni ugonjwa wa kweli, na kuna wanaume kati yetu wanaoteseka nao bila kujua jina lake. Kuna waliozaliwa nao. Kuna ambao korodani ziliharibika kwa matubwitubwi yaliyowapata wakiwa wakubwa. Kuna wenye uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ugonjwa wa sukari, unene mwingi, SIDA isiyotibiwa, pombe kali kama lotoko, na vidonge vikali vya maumivu kama tramadol vikinywewa kila siku, vyote vinaweza kushusha homoni hiyo. Na kuna wale tusiotaka kuwataja: wanaume waliopigwa au kuteswa sehemu za siri na watu wenye silaha. Wamebaki kimya, kwa sababu hapa kwetu mwanaume hapewi nafasi ya kusema "niliumizwa hapo".

Ugonjwa huo una dalili zake: hamu inaisha, mwili hauamki tena alfajiri, nguvu na misuli vinapungua, ndevu zinakuwa chache, matiti yanaweza kuvimba, damu inapungua, mifupa inalegea. Lakini dalili peke yake haitoshi, kwa sababu uchovu na huzuni vinafanana nayo. Lazima damu ipimwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, wakati homoni iko juu, tena mara mbili, siku tofauti. Ikionekana iko chini mara zote mbili, muganga anatafuta sababu. Hapo ndipo sindano au mafuta ya kupaka yanapoingia, na kwa mgonjwa wa kweli yanarudisha maisha. Wengine watayahitaji hadi mwisho wa siku zao, na hakuna aibu, kama vile hakuna aibu kwa mtu wa sukari kujidunga insulini. Lakini hata huyo anafuatwa: damu yake inaangaliwa isiwe nzito kupita kiasi, tezi ya prostati inaangaliwa, na kama bado anataka mtoto, muganga anatafuta njia nyingine. Mwaka 2015 Marekani yenyewe, ambako dawa hii ilikuwa inauzwa kama soda, serkali iliwalazimisha watengenezaji waandike wazi kwamba haikukubaliwa kwa ajili ya uzee tu.

Tena si kila mwanaume aliyeshindwa kitandani ana upungufu wa testosteroni. Mara nyingi ni mishipa ya damu, presha, sukari, au mawazo. Kumdunga homoni mtu mwenye sukari ambayo haijulikani ni kumfunika macho wakati nyumba inaungua.

Najua majibu yatakayokuja. "Mwandishi, hospitali ni mbali na kipimo ni ghali. Muuza dawa yuko mlangoni." Ni kweli, na sitabisha. Vituo vyetu vidogo vya afya havina kipimo hicho, na mhami hana pesa ya safari. Lakini hebu jumlisha zile sindano za kila wiki za jirani yangu kwa mwaka mmoja. Pesa hiyo ingelipa kipimo, ikabakisha maharagi nyumbani. Na kama hakuna kipimo, mwenye dhamiri anasema "sina kipimo", hachukui sindano.

"Lakini wanaume wanajisikia vizuri!" Ndiyo, kwa siku chache, kama mlevi anavyojisikia vizuri usiku. Tumuulize asubuhi.

"Amelogwa, bibi yake ndiye aliyemfunga." Hili linaniuma kuliko yote. Nimeona mwanamke mhami akifukuzwa na ndugu za bwana wake kwa ajili ya ugonjwa ambao chupa moja ndogo ya damu ingeueleza. Mchungaji, mzee wa kanisa, imamu, kabla hamjamnyooshea mama wa watu kidole, mpelekeni bwana wake akapimwe.

Kwa hiyo nawageukia kila mmoja kwa jina la kazi yake. Ninyi wenye radio: acheni kuuza dakika zenu kwa watu hawa. Asubuhi mnatangaza kuhusu chanjo, jioni mnatangaza sumu. Msikilizaji amwamini nani? Wauguzi: msikubali kumdungia mtu sindano aliyoinunua sokoni, hata akikupa pesa ya juu. Wakubwa wa zoni ya afya: mnakagua farmasi, kagueni na meza za barabarani. Mashirika yanayosaidia wahami: mna nafasi za wanawake na za watoto, na ni vizuri sana, tengeni na saa moja ya wanaume, mahali pa siri, ambapo aliyeumizwa anaweza kuongea bila kuchekwa. Na mkileta chakula, jueni mnaleta pia dawa ya kwanza ya ugonjwa huu.

Na wewe papa unayesoma haya umejificha: umedungwa tayari? Usizidishe, usirudie, nenda kwa muganga umweleze yote bila kuficha. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, ingawa inachukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Jirani yangu ameacha. Bado anangoja. Bibi yake anangoja pamoja naye, na wiki iliyopita nimewaona wamekaa mlangoni wanachambua sombe pamoja. Marafiki wake wakapita wakacheka. Yeye hakuinua kichwa, aliendelea kuchambua.

Ni mwandishi wenu, hapa Beni.