Msichana anayejibu wateja kwenye simu naye ni mfanyakazi

Maduka mengi ya miji yetu siku hizi hayana mlango. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, hata Lubumbashi, mtu anaagiza viatu na simu kutoka Dubai au Guangzhou, ananunua nguo za balo Kampala, au anachukua mali kwa muuzaji wa jumla wa mji huohuo. Anaipiga picha, anaiweka kwenye statu ya WhatsApp, Facebook na TikTok, anauza kwa faida kidogo. Biashara ikishika, baada ya miezi mitatu au minne ujumbe unamzidi nguvu. Hapo anatafuta kijana wa kumsaidia kujibu, mara nyingi msichana aliyemaliza masomo na hajapata kazi, ambaye atafanya yote akiwa kwao nyumbani. Wanaonana kwa nadra. Wengine hawajaonana hata siku moja.

Muda si mrefu malalamiko yanaanza, na ni yaleyale: amekula pesa ya mteja, ameondoka na wateja wangu, amezima simu. Vijana wa leo si wa kuamini, wanasema wakubwa.

Wezi wapo, sikatai. Lakini nikiangalia namna vijana hawa wanavyochukuliwa kazini, naona hasara nyingi zilianza siku ya kwanza kabisa, na aliyezianzisha ni mwenye mali.

Mchukue mfanyabiashara huyohuyo umpe kibanda katika soko la Kadutu au la Virunga. Hatamwachia mtu kibanda bila kuhesabu mali asubuhi na kuihesabu tena jioni. Ataweka daftari. Atajua ni nani ana ufunguo. Ila biashara ikiwa ndani ya simu, daftari hakuna, hesabu hakuna, na ufunguo ameutoa wote: neno la siri la Facebook, namba za wateja wote, mara nyingine hata namba ya kupokelea pesa. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba yule binti si muuzaji, anajibu ujumbe tu.

Hiyo “tu” ndiyo inanisumbua. Mteja anaandika alfajiri: “Yaya, hii iko ngapi?” Halafu anataka namba 41, halafu rangi nyeusi, halafu bei ya mwisho, halafu picha ya soli. Ananyamaza siku mbili, anarudi kuuliza bei upya kana kwamba hamjawahi kuongea. Msaidizi anapaswa kujua kilichobaki katika stoo iliyo nyumbani kwa mtu mwingine. Anageuza dola kuwa franka kwa bei ya siku ile. Anatafuta motari, anamwelekeza kwenye nyumba isiyo na namba, ukifika kanisani uliza kwa mama fulani. Anampigia mteja ambaye hapokei. Na kiatu kikifika kidogo, matusi anayapokea yeye, si bosi. Sasa niambie, ukiondoa kazi hiyo yote, duka linabaki na nini? Picha.

Tuje kwenye malipo, maana hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Desturi iliyoenea ni asilimia peke yake: ukiuza unapata, usipouza hupati. Tuseme ni dola 1 kwa kila jozi. Kwa siku binti anajibu watu 40, wanaonunua ni 3. Mega ni zake. Simu ni yake. Umeme ukikatika, analipa mwenye sola wa mtaani amchajie. Katika zile dola 3, mhesabie kinachobaki mkononi. Na siku ambayo mali haijafika kwa sababu mzigo umekwama mpakani, atajibu watu haohao 40 bila kupata hata franka moja, kwa jambo ambalo si kosa lake.

Wenye mali hudhani mtindo huu unawalinda. Mimi naona unawaumiza wao kwanza. Mtu anayelipwa kwa mauzo peke yake atauza hata kisichokuwepo. Atasema “iko” wakati haijafika, ataahidi kesho wakati hajui. Mteja mwenye lalamiko hamletei chochote, basi atamchelewesha, mwisho atamfungia asiandike tena. Bosi anaona mauzo yamepanda mwezi mmoja, anafurahi. Mwezi unaofuata jina la duka linachafuka katika magrupu ya akina mama, na yeye hajui lilichafukia wapi, kwa sababu yale mazungumzo hakuwahi kuyasoma.

Kwangu mimi kipimo ni rahisi. Mega zilipwe na bosi, kabla ya kazi kuanza, kama vile kodi ya kibanda inavyolipwa na mwenye kibanda. Kuwe na kitu cha kudumu kila mwezi, hata kiwe kidogo, kwa ajili ya kujibu na kuhesabu. Asilimia iongezwe juu yake, tena ihesabiwe kwa mali iliyofika na kukubaliwa na mteja, si kwa mali iliyoahidiwa. Mkianza, muwe na wiki mbili za majaribio zinazolipwa. Wapo wanaowajaribu vijana mwezi mzima bure kisha wanawabadilisha na wengine. Huo si mjaribio, ni kutumikisha watu.

Kuhusu pesa, sina huruma kwa bosi anayeibiwa kwa uzembe wake. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi wameona kwamba M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndiyo sanduku la duka. Sanduku halikai kwa jirani. Namba ya kupokea malipo iwe ya mwenye mali, na iwe moja, iliyoandikwa katika kila tangazo. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia kwake, ndipo anamruhusu msaidizi amtume motari. Kama bosi analala mapema au yuko safarini, basi wapange saa za kupokea malipo na wateja wajulishwe, kuliko kumpa binti namba ya siri kisha kumshangaa.

WhatsApp yenyewe inasaidia, lakini wengi hawaitumii hivyo. Namba moja inaweza kubaki kwenye simu kuu ya mwenye mali na kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Msaidizi anajibu kwenye kifaa chake, bosi anaona kila neno, na siku ya kuachana anakiondoa kifaa kile kwa dakika moja. Ukurasa wa Facebook nao unakuruhusu kumpa mtu nafasi ya kujibu ujumbe bila kumpa neno la siri. Na ile kodi ya tarakimu sita inayoingia kwa SMS haipewi mtu, awe msaidizi, awe ndugu wa tumbo moja.

Kuna jambo ambalo wateja wenyewe hawalifikirii. Yule binti ana namba yako, anajua unapokaa, anajua saa ambazo hauko nyumbani, anajua ulinunua simu ya bei gani. Katika miji yetu, usiku unavyokuwa, hiyo si habari ndogo. Nchi yetu ina Kodi ya Dijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, na inagusa biashara ya mtandaoni pamoja na ulinzi wa habari za watu binafsi. Mwenye duka la simu anayepokea anwani za watu yumo ndani yake, hata kama anauzia sebuleni.

Sheria ya kazi nayo ipo. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaja mfanyakazi kuwa ni mtu anayetoa kazi yake kwa malipo chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Haisemi ni lazima aketi kwenye ofisi yako. Komisheni inaihesabu kuwa sehemu ya malipo ya kazi. Kazi bila maandishi inachukuliwa kuwa ni ya muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mfanyakazi anaweza kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba mapatano yalikuwepo. Wanaoogopa kuandika wakidhani hivyo hawajifungi, wamejifunga zaidi. Na yale mazungumzo ya mwaka mzima, “umejibu yule wa Himbi?”, “mwambie bei ni hii”, “leo anza saa moja”, yote yako kwenye simu ya binti.

Najua jibu litakaloletwa: sisi si kampuni, sisi wenyewe tunahangaika, ushuru hapa, ushuru pale, faida ni dola mbili tatu. Ni kweli, na sidai mama anayeuza jozi kumi kwa wiki alipe kama benki. Namdai ajue hesabu yake. Kama faida haitoshi kumlipa mtu, basi biashara bado ni ya mtu mmoja, na dawa ni kupunguza saa za kujibu, au kutumia majibu ya haraka na katalogi ambazo WhatsApp Business inazo bure. Haiwezekani faida iwe ya mmoja na mega ziwe za mwingine.

Wala hawa wadogo si wabaya kuliko wakubwa. Ndugu zetu walio Ubelgiji au Kanada, wanaouza kwa wateja wa huku na kuwatafuta vijana wa Bukavu wawajibie, wao wanajua vizuri mkataba wa kazi ni nini. Kule wanakoishi wasingethubutu kumwamsha mfanyakazi saa nane za usiku. Sheria yetu inaweka saa 45 kwa wiki. Msichana anayelala na simu kifuani ili mteja asikimbie, saa zake nani anazihesabu?

Wala si lazima kwenda kwa wakili. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili au Kifaransa: kazi inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, siku gani ni ya kupumzika, mega ni kiasi gani na zinaingia lini, malipo ya kudumu ni kiasi gani, asilimia inahesabiwaje, punguzo gani anaweza kulitoa mwenyewe bila kuuliza, mali ikipotea kwa motari nani anabeba, wateja na namba zao ni za nani siku akiondoka, na anatakiwa kuaga siku ngapi kabla. Waweke sahihi wote wawili, wapige picha, kila mmoja abaki na yake.