Mpatanishi wa Nani?

Ugomvi wa nyumbani ukiwashinda wenyewe, watu wengi wa Lubumbashi huupeleka kwa wazee wa jamaa, au kwa wasimamizi waliosimama nao siku ya arusi. Desturi hiyo ni njema. Lakini mbona pengine shauri lililo la haki kabisa halizai tunda?

Wataalamu wameichungua habari hiyo. Mwaka 2004, huko Kanada, Dianne Symonds na Adam Horvath waliwatazama wanandoa waliokwenda pamoja kwa washauri. Waliona kwamba imani kwa mshauri ilihusiana na mafanikio kwa nguvu zaidi pale mume na mke walipokuwa na neno moja juu yake. Mwaka 2018 Myrna Friedlander na wenzake walikusanya chunguzi nyingi za namna hiyo, nao wakaona kwamba imani za hao wawili zikiachana sana, faida hupungua.

Kwetu jambo hilo si geni. Msimamizi mara nyingi ni rafiki wa mume, pengine mkubwa wake kazini. Mume huingia kwake kama aingiaye nyumbani mwake, huketi, hucheka. Mke hukaa pembeni akijibu «ndiyo, baba» kwa kila neno. Kikao hufungwa kwa furaha. Baada ya juma mbili mama yule amefunga mizigo, amekwenda kwa mama yake Likasi. Watu husema ni mkaidi! Kumbe neno lililomwuma hakupata kulitamka. Na mume naye, akiitwa mbele ya mashangazi wa mkewe, hunyamaza kama jiwe.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yamtaka hata hakimu ajaribu kuwapatanisha wanandoa kabla ya kuamua talaka. Lakini wengi hufika kwa hakimu mioyo imekwisha kupoa. Msimamizi huitwa mapema, na hiyo ndiyo nguvu yake. Basi asianze kwa kutafuta mkosaji. Kwanza amwone kila mmoja peke yake, amwulize waziwazi kama aridhika kwamba yeye ndiye awasikilize. Mke akisitasita, asione kwamba amevunjiwa heshima. Amwombe yule mama msimamizi, mkewe mwenyewe, aketi naye katika kikao, awe na sauti sawa na yake, wala asiitwe kwa kuleta chai tu.