Taa ya pili kwenye tanki la matumbawe: ya nini, na kwa hela ipi?

Mwezi huu nimepata meseji mbili kuhusu tanki moja, kutoka sebule moja, na waliozituma wanalala kitanda kimoja. Ya kwanza ni ya kaka mmoja wa Mikocheni: "Dada, matumbawe yangu yamegeuka kahawia, niongeze taa ya aina gani?" Ya pili ni ya mkewe: "Dada, mwenzangu anataka kuongeza taa kwenye lile tanki, na hela anayoitolea macho tuliiweka kwa ajili ya kiwanja. Hiyo taa ina ulazima kweli?" Nimewapigia, wamecheka wenyewe, na wamekubali niwajibu kwa pamoja.

Naanza na wewe mdogo wangu wa kiwanja. Samaki anahitaji mwanga kidogo tu, mwingi ni wa sisi kumwona. Tumbawe ni habari nyingine. Lile ni mnyama, ila ndani ya mwili wake wanaishi wageni wadogo mno, jamii ya mwani, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga kama linavyofanya jani la mchicha, kisha humpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya chakula hicho. Taa ikiwa hafifu, mnyama anakonda polepole huku nyie mkiangalia tamthilia pembeni yake. Kwa hiyo shemeji hachezi disko hapo ukutani. Analisha.

Sasa na wewe shemeji. Kahawia ni rangi ya hao hao wageni. Mwanga ukipungua, huwa wanaongezeka ndani ya tumbawe, na rangi zile za zambarau na kijani zinafunikwa. Lakini, na hapa ndipo hela ya kiwanja inaponusurika, maji yenye naitreti na fosfeti nyingi nayo huyafanya matumbawe yawe kahawia. Angalia vizuri: kama yaliyo chini ya taa moja kwa moja yana rangi nzuri na yaliyo pembeni au kivulini ndiyo yaliyochakaa, basi mwanga ndio shida. Kama yote yamekuwa kahawia, hata lile la katikati, pima maji kwanza na upunguze kulisha samaki. Kipimo cha maji ni bei ndogo sana ukilinganisha na taa.

Halafu futa taa uliyonayo! Maji ya chumvi yanarusha matone, yakikauka yanaacha utando mweupe kwenye taa na kwenye kioo cha juu, na utando huo unakula mwanga kila siku. Zima, acha ipoe, futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kama unatumia taa za tyubu, jiulize mara ya mwisho ulibadilisha lini. Tyubu za T5 hupoteza nguvu na rangi hata kama kwa macho zinawaka vizuri, na wafugaji wengi huzibadilisha kila baada ya miezi 9 hadi 12.

Tuseme umefanya yote hayo na bado kivuli kipo. Haya, tuingie dukani. Kosa linalouza taa nyingi ni kuchagua kwa macho ya binadamu. Macho yetu yanapenda mwanga wa njano na mweupe, lakini baharini wekundu humezwa na maji katika mita chache za mwanzo, na bluu ndiyo inayoshuka mbali. Tumbawe limezoea bluu. Kama taa yako kuu ni nyeupe, nyongeza iwe ya bluu, ya mawimbi ya kati ya nanometa 420 na 480 hivi. Na usibabaishwe na lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, hizo zinapima kile jicho letu linachokiona. Mwanga wa kulisha mimea hupimwa kwa kipimo kinachoitwa PAR. Matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150, na yale magumu yenye matawi, kama Acropora, wengi huyalenga 200 hadi 350. Kifaa cha kupimia si lazima ununue. Azima kwa mfugaji mwenzio, jioni moja inatosha.

Kwa aina, mimi nina upande. Metali halaidi zilikuwa malkia wa matanki miaka ya 2000, na mawimbi yake ya mwanga majini ni mazuri mno, sikatai. Lakini kwa Dar? Taa moja ya wati 250 ikiwaka saa 9 kwa siku ni uniti 67.5 kwa mwezi kwenye LUKU, na joto lake linashuka kwenye maji ambayo tayari yanahangaika na Februari yetu. Matumbawe hukaa vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 27. Joto likizidi mno kwa muda mrefu yanaanza kupauka, kama ilivyoyakuta ya pwani yetu yote mwaka 1998. Mtaongeza feni, kisha mtashusha kiyoyozi, na umeme mnalipa mara ya pili.

Tyubu nne za T5 za wati 54 ni uniti 58 na kidogo kwa muda huo huo. Sifa yake ni kusambaza mwanga sawasawa bila vivuli vikali. Taa ya LED ya bluu, ile ndefu ya kulaza ukingoni mwa tanki, yenye wati 60, ni uniti 16. Kwa nyumba yenu nachagua hiyo: moja, iwekwe upande wa mbele ikiangalia nyuma kidogo, ili imulike pale taa kuu inapoacha kivuli. Nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yakitiririka yadondoke sakafuni. Na fundi awawekee breka ya kukata umeme ukivuja. Hapo hakuna mjadala.

Na kabla ya taa, wala msidanganyike kwenda kujichotea tumbawe jipya Mbudya au Bongoyo. Kule ni hifadhi ya bahari. Matumbawe magumu yanalindwa pia na mkataba wa CITES, na ya kununua kutoka nje yanataka vibali.

Mdogo wangu, uliniambia kwenye simu kuwa kinachokuudhi zaidi si bili, ni kurudi kazini ukakuta tanki limezimwa na shemeji keshaenda kulala. Kumbe mnaweza kupanga! Tumbawe halijui saa za ofisini. Wekeni taima, taa kuu iwake saa saba mchana na izime saa mbili usiku, bluu ianze pamoja nayo na ibaki peke yake hadi saa nne. Ile saa mbili hadi nne ndipo rangi zinapong'aa gizani, na mtakuwa wote mmekaa.

Shemeji, ukishaifunga usiiwashe siku nzima kwa furaha. Anza na saa tatu, ongeza saa moja kila baada ya siku nne tano. Matumbawe yakianza kuwa meupe juu, inyanyue taa sentimita kumi na usubiri. Rangi ikirudi, itachukua wiki kadhaa, si usiku mmoja. Na risiti mpe mama mwenye nyumba.