Mthamini akishapita, nyumba bado haijakaguliwa

MJINI Moshi, fundi akishamaliza rangi ya mwisho, familia iliyojenga kwa mkopo humngoja mgeni mmoja kwa hamu kuliko ndugu: mthamini. Anakuja na futi yake, anapima, anahesabu vyumba, anapiga picha, anauliza hati ina jina la nani, maji na umeme vimefika, barabara inapitika masika. Muda si mrefu ameondoka. Jioni baba anamwambia mama, "Mthamini kapita, nyumba iko sawa."

Hajasema hivyo. Anafanya kazi kwa ajili ya benki, hata kama ada imetoka mfukoni mwa mkopaji, na anachoandika ni bei: nyumba ingeuzwa kiasi gani sokoni leo, na kiasi gani ikilazimika kuuzwa haraka. Ufa mkubwa atautaja, kwa kuwa unashusha bei. Nondo zilizopunguzwa ndani ya nguzo hazioni, plasta imeshazifunika. Kwa hayo anatafutwa mhandisi, tena kabla ya plasta.

Kupanda Kibosho, Machame au Marangu mambo yanabana zaidi. Jumba la kihambani, katikati ya migomba na makaburi ya mababu, hula mamilioni ya shilingi kama la mjini. Lakini nani atanunua nyumba iliyo katika ardhi ya ukoo? Thamani ikija chini ya gharama, watu hununa, na wapo wanaodai mthamini kahongwa. Kumbe kaandika tu kwamba mnunuzi ni shida kumpata.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka mtu huyo awe amesajiliwa, kwa hiyo kumuuliza namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, mama asitiwe kalamu mkononi kabla hajaisoma ripoti, hasa ile bei ya kuuza haraka.

Fundi naye asilipwe zote. Wakubaliane mapema sehemu ibaki mpaka masika ya kwanza yapite, maana Januari mteremko wa mlima hauonyeshi maji yatapita wapi Aprili.